Karatasi Isiyo na Kichwa

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kuliko siku nyingi nilizoishi. Ni siku ambayo mama mmoja mwanika dagaa alivuka kwa kivuko kutoka upande wa Sengerema, akapanda ngazi za ofisi yetu pale Mkuyuni, Mwanza, akakaa kwenye benchi la wageni na kuniuliza swali moja. Nimeulizwa maswali mengi tangu hapo, mengine na wakubwa wenye magari ya bendera. Hakuna lililonikaa kama lile.

Nakuandikia wewe kijana uliyeajiriwa na asasi, au unayeandika katiba ya asasi yako sasa hivi ili ukaisajili. Wenzako huja kwangu kuomba ushauri kwa sababu nimefanya kazi hizo mpaka nywele zikageuka, na mara nyingi wanataka niwaeleze namna ya kuandika andiko la mradi. Andiko la mradi atakufundisha mtu mwingine. Mimi nina kosa la kukusimulia, na kosa lenyewe ni langu, sikuliazima kwa jirani.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimetoka kwetu, ukingoni mwa ziwa upande wa Mara, ambako baba yangu alikuwa katekista na mama alilima mihogo, nikaja Mwanza na cheti cha kidato cha sita na ulimi mwepesi. Vyama vingi vilikuwa bado vipya. Watu wazima walilitaja neno upinzani kwa sauti ya chini, kama wanataja ugonjwa wa mtu. Ndipo asasi zilipoota kama uyoga, nami nikapata kazi katika mojawapo.

Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la rangi za nyumba. Mratibu wetu alikuwa mtu mwerevu na mchapakazi, na sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha wanavijiji haki zao: ardhi ya kijiji ni ya nani, mkutano mkuu wa kijiji una nguvu gani, kiongozi anaulizwaje. Ni kazi njema. Niliipenda kwa moyo wote, na nilijipenda mimi niliyeifanya, zaidi kidogo kuliko ilivyofaa. Nilikuwa na maneno yangu matatu, utawala bora, uwajibikaji na ushirikishwaji, na niliyatembeza kijiji kwa kijiji. Kule vijijini walinipa jina la Binti Semina. Nilidhani wananisifu.

Kijiji ninachokuambia sitakitaja, maana watoto wa waliohusika bado wanaishi pale na wengine husalimiana nami barabarani. Kina mwalo, yaani mahali mitumbwi inapofika na samaki kushushwa, na pembeni ya mwalo kuna eneo la mawe mapana na mchanga mgumu ambako wanawake huanika dagaa. Eneo lile halikuwa na hati wala uzio. Kila mwanamke alijua jiwe lake, na aliyefiwa alitunziwa jiwe lake mpaka arudi kutoka matangani. Kwa dagaa wa pale watoto walisoma, wajane walikula, na mwanaume aliyekosa samaki ziwani alikuta ugali umeshaiva. Mkubwa wa wanawake wale alikuwa Mama Kabula, mama mfupi, mpole wa kusema, ambaye akikutazama ulihisi umesahau kufunga kifungo.

Sasa nikueleze tulivyofanya kazi, maana kosa limejificha humo. Wafadhili walitaka ushahidi kwamba semina ilifanyika, na ushahidi ulikuwa karatasi ya mahudhurio: namba, jina, kijiji, saini. Tuliipitisha mapema, hata kabla ya sala ya kufungua, kwa sababu aliyesaini ndiye aliyepata soda na maandazi. Wanakijiji walikuwa na msemo wao, kusaini soda. Utamsikia mtu akimuuliza mwenzake, umeshasaini soda? Nasi tulicheka nao. Kichwa cha karatasi, ile mistari ya juu inayosema hawa ni nani na wamekutana kwa ajili gani, tulikiacha wazi. Mratibu alitufundisha hivyo. Kichwa tutajaza ofisini, alisema, tukishajua ripoti inakwendaje. Hatukuona ubaya. Asasi nyingi zilifanya vivyo hivyo, na ukiniambia kwamba leo hakuna inayofanya hivyo nitakusikiliza kwa heshima.

Semina ya kijiji kile ilikuwa ya siku mbili, katika darasa la shule ya msingi. Nilifundisha kwamba ardhi ya kijiji haitolewi na mtu mmoja, kwamba mkutano mkuu ndio wenye kauli, na kwamba wananchi wana haki ya kuudai mkutano usipoitwa. Mama Kabula alikaa mbele siku zote mbili na hakuuliza kitu. Siku ya pili, nikiwa nafunga mizigo mbio ili niwahi kivuko, mtendaji wa kijiji alinijia akitabasamu. Huyo ndiye mwajiriwa wa serikali pale kijijini, ndiye mwenye muhuri, na bila muhuri wake semina yetu isingekuwepo. Aliomba karatasi moja ya mahudhurio, akasema ni kwa ajili ya jalada la kijiji. Mashine ya fotokopi ilikuwa mjini Sengerema, mbali. Nilikuwa na karatasi mbili, ya siku ya kwanza na ya siku ya pili, majina karibu yote yaleyale. Nikampa ya siku ya pili. Nikamwambia kichwa atajaza mwenyewe.

Haraka haraka haina baraka, nilijua hilo tangu darasa la kwanza. Lakini sikuwa na haraka tu, mwanangu. Nilitaka kuonekana mtu anayeelewana na serikali. Nilipokaa kivukoni na kuufungua mfuko wangu wa karanga, nilijisikia nimejenga uhusiano mwema.

Ikapita miezi. Asubuhi ile nilikuwa naandika ripoti, na nilikuwa nimefika kwenye sentensi inayosema kwamba wananchi wa kijiji kile wamewezeshwa kusimamia rasilimali zao, niliposikia hatua ngazini. Alikuwa Mama Kabula. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za wazazi wangu, akauliza kama nimekula. Kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba wiki iliyotangulia wapima ardhi walifika mwaloni wakachimbia bikoni, vile vinguzo vya mpaka, katikati ya mawe, na moja waliichimbia pale dagaa wake walipokuwa wakikauka. Wakawasogeza dagaa kwa koleo. Wanawake walipouliza, wakaambiwa eneo amepewa mfanyabiashara ajenge bohari la samaki lenye ukuta na lango, na kwamba wao wenyewe ndio waliolitoa. Wakaenda kwa mtendaji. Mtendaji akafungua jalada, akawaonyesha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ambao haukuwahi kufanyika, na nyuma ya muhtasari kulikuwa na karatasi ya majina yao, yameandikwa kwa mikono yao. Juu ya karatasi, kwa kalamu nyingine, paliandikwa kwamba wafuatao wamehudhuria na kuridhia.

Ndipo akaniuliza.

"Binti yangu, hili jina nililoandika mbele yako, lilikuwa linasema nini?"

Nikamjibu kwamba lilisema alikuwepo.

"Na mimi nilijua hivyo. Sasa nani amelifundisha kusema lingine?"

Akaendelea polepole. Jina lake alijifunza kuliandika akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la elimu ya watu wazima, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amelala miguuni. Tangu ajifunze hakuwa ameliandika mara nyingi. Aliliandika wajukuu wake wawili walipobatizwa, na akaliandika kwangu. "Kitu kisicho na kichwa," akasema, "kila mtu anaweza kukipachika kichwa chake. Wewe umesoma. Hilo hukuliona?"

Mwanangu, nililia. Siyo machozi ya adabu ya kufuta kwa ncha ya khanga. Nililia kwa sauti mpaka muuza rangi wa chini akapanda kuangalia kuna nini. Mama Kabula hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite akiwa kibarazani kwa watu.

Nilipotulia nikafanya kosa la pili, na nadhani lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu nililifanya kwa nia njema. Nilimwambia tutatoa tamko. Miaka ile tulipenda sana matamko. Tungeita waandishi wa habari, tungelaani kwa nguvu zote, tungeitaka serikali ichukue hatua za haraka. Nikaanza kuliandika palepale mbele yake. Akaniomba nimsomee. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba sisi, kwa niaba ya wanawake wa mwalo, akanyoosha mkono akauweka juu ya karatasi.

"Kwanza mlichukua majina yetu. Sasa mnataka na mdomo," alisema. "Cha kwetu tutakisema wenyewe. Wewe njoo useme ulichofanya wewe."

Akaniambia walichokwisha kufanya. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji wanawake wote kwa pamoja, na mabeseni yao, wakadai mkutano mkuu. Mwenyekiti alipotafuta visingizio walimwambia haki hiyo walifundishwa na Binti Semina siku mbili nzima, na soda ikanywewa. Mkutano ukapangwa, na afisa kutoka halmashauri ya wilaya angekuja kusikiliza. Kwa hiyo si kweli kwamba semina yangu ilikuwa bure. Hilo hunichanganya mpaka leo, kwamba niliwafundisha kulinda mawe yao na jioni yake nikampa mtendaji njia ya kuwanyang'anya.

Siku hiyohiyo nilimweleza mratibu. Alifunga mlango. Hakunifokea. Alisema nikisimama mbele ya afisa wa wilaya na kutamka kwamba tunapitisha karatasi zisizo na kichwa, wafadhili watauliza ripoti zetu zote za nyuma zilijazwaje, na usajili wetu unaweza kufutwa. Vijiji vingine tunavyovisaidia vitamlilia nani? Tuandike barua ya masikitiko, tumlaumu mtendaji, ambaye kweli ni mwizi, na mambo yaishe. Yasikilize vizuri maneno hayo, maana nawe utaambiwa siku moja, na yatakuja na sura ya hekima. Sisi tuliozunguka tukiwahimiza viongozi wafungue majalada yao, jalada letu lilipotakiwa tulilikalia. Nyani haoni kundule.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Usifikiri nilikuwa shujaa. Mdogo wangu alikuwa anasoma kwa mshahara ule, na nilijua wazi kwamba nikisema nitapoteza kazi. Nikajaribu kujiambia mwenye kosa ni mtendaji, na kosa alikuwa nalo kweli. Mficha uchi hazai, nikakumbuka mama yangu alivyozoea kusema, na mimi kila nilipoushika mlango wa ofisi nilijiona naficha. Siku ya nne nikapanda kivuko.

Mkutano ulifanyika palepale mwaloni, asubuhi, dagaa wakiwa wameshaanikwa na watu wamekaa pembeni yao. Afisa wa wilaya alipewa kiti cha plastiki. Mwenyekiti akafungua, na mimi nikaitwa wa kwanza. Nilisema kwamba karatasi ile ni yetu, ilikuwa ya semina, tuliiacha wazi juu kwa makusudi kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, na niliitoa kwa mkono wangu bila kuwauliza wenye majina. Nilikuwa nimeandaa na maneno mengine mazuri kuhusu utawala bora. Nikamtazama Mama Kabula, nikayameza. Mtu mmoja nyuma alisema kitu kwa Kisukuma kilichowachekesha wote, na hakuna aliyekubali kunitafsiria mpaka leo.

Mtendaji akajitetea kwamba mkutano wa kutoa eneo ulifanyika, ila watu wamesahau. Njia ya mwongo ni fupi. Afisa alipomuuliza ulifanyika siku gani, akataja siku ambayo kijiji kizima kilikuwa makaburini kumzika mzee mmoja, na yeye mwenyewe mtendaji ndiye aliyesoma salamu za rambirambi.

Nilifikiri tumemaliza. Lakini vijana wa mitumbwi wakaomba nafasi, wakasema wao bohari wanalitaka. Walikuwa wamechoka kuona sangara wakiharibika juani kwa kukosa barafu, na yule mfanyabiashara aliwaahidi kazi ya kudumu. Niliguna kwa sauti. Moyoni niliwaona wasaliti. Mama Kabula akageuka kunitazama, kisha akamwomba mwenyekiti wasikilizwe mpaka mwisho, kwa kuwa nao ni watu wa kijiji kile, hawakuletwa na mamba. Basi wakasema. Wakabishana na mama zao hadharani, mara kwa adabu, mara bila adabu, na mmoja akaitwa na mama yake kwa jina la utotoni mpaka akaketi. Kumbe huo ndio ushirikishwaji niliokuwa nikiuchora kwenye karatasi kubwa na kuubandika ukutani, nao haukufanana hata kidogo na mchoro wangu.

Mwishowe mwenyekiti akasema wanaokubali eneo litolewe wasimame upande wa maji, wanaokataa wasimame kwenye mawe. Watu wakasogea. Upande wa maji walisimama vijana na wanaume kadhaa. Mawe yalijaa. Mke wa mtendaji alikuwa miongoni mwa waliosimama juu ya mawe, na hakumwangalia mumewe.

Ningependa kukuambia habari iliishia hapo, ukalale vizuri. Lakini afisa alifungua mkoba wake akasema sawa, wilaya imeona kwa macho, ila ili karatasi ile ifutwe lazima ipatikane nyingine: muhtasari wa leo, pamoja na majina na saini za waliohudhuria. Bila hiyo yeye hana cha kupeleka, na eneo litabaki la mfanyabiashara. Akatoa karatasi nyeupe akampa aliyekaa karibu naye. Yule akampa wa pili bila kuandika. Wa pili akampa wa tatu. Karatasi ikazunguka mkutano mzima ikamrudia afisa nyeupe vilevile. Hakuna aliyekataa kwa maneno. Waliiogopa tu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nimewapotezea mawe ya dagaa, jambo ambalo mkutano ungeweza kulirekebisha. Kumbe nilikuwa nimewaharibia na kile cha kurekebishia. Walikuwa wamesimama, wamesema, wameshinda, na sasa walikuwa wanashindwa kwa sababu mimi niliwafundisha kwamba jina ukiliandika linaondoka na kwenda kusema mambo yake. Nikasimama niwasihi. Mama Kabula akaniambia keti. Hakusema kwa ukali, lakini niliketi.

Kisha akamwomba afisa aandike kichwa kwanza, mbele ya wote, akisome. Kikasomwa. Akaomba muhtasari uandikwe mpaka mwisho, usomwe kwa Kiswahili, halafu mtu auseme kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Palipokosewa pakasahihishwa. Vijana wakataka maneno yao nao yaandikwe, kwamba wao walitaka bohari na sababu zao ni hizi, na yakaandikwa. Mahali peupe palipobaki chini ya maandishi akataka papigwe mstari, asije mtu akaongeza. Jua lilikuwa limepanda, dagaa wakahitaji kugeuzwa, wanawake wakaenda kugeuza dagaa wakarudi, na afisa akasubiri. Sidhani kama aliwahi kusubiri namna ile tangu aajiriwe. Ndipo Mama Kabula akachukua kalamu akaandika jina lake, herufi moja moja, na baada yake wakaja wengine, wa mawe na wa maji.

Wote isipokuwa mama mmoja. Alikuwa mjane, mwenye jiwe la mwisho kabisa karibu na maji. Kalamu ilipomfikia akairudisha. Alisema amesimama juu ya jiwe lake na kila mtu amemwona, inatosha. Mwenyekiti akamsihi, afisa akamsihi, Mama Kabula akamnong'oneza. Hakukubali. Ikabidi iandikwe kwamba mama huyo alihudhuria, alikataa eneo kutolewa, na hakutaka kusaini.

Eneo likabaki. Bohari likajengwa kijiji cha jirani, na baadhi ya wale vijana wakahamia huko kutafuta kazi; mmoja wao hajanisalimu mpaka leo, wala simlaumu. Mtendaji alihamishwa, na kama hiyo ilikuwa adhabu au likizo sijui. Mimi niliachishwa kazi mwezi uleule. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu yangu, na hilo lilinichoma kuliko barua yenyewe ya kuachishwa. Asasi yetu haikufutwa kama mratibu alivyoogopa. Iliendelea miaka kadhaa, ikafa kwa mambo mengine yasiyonihusu.

Nilirudi kijijini kile mara nyingi, nikifanya kazi na watu wenye adabu zaidi, nami nikiwa na adabu zaidi. Kila nilipofika nilimpitia yule mjane. Alinikaribisha vizuri, akanipikia, akanifungia dagaa wa kwenda nao mjini. Lakini karatasi yoyote iliyopita mlangoni kwake, iwe ya kikundi cha kuzikana au ya shule ya wajukuu, aliirudisha bila kuigusa. Ulipokaribia uchaguzi nikasikia hajajiandikisha kupiga kura. Nikaenda mwenyewe. Nilikaa naye tangu asubuhi, nikamwomba radhi upya, nikamweleza kwamba daftari lile ni la kwake, ni sauti yake, ni haki yake, maneno yangu yote ya zamani, na safari hii nikiyaamini kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Sina ubaya nawe, mwanangu. Jina langu nimelirudisha nyumbani, basi."

Alizikwa bila kupiga kura hata mara moja tangu siku ile. Mimi, mwalimu wa haki za raia, nilimwondoa raia mmoja kwenye nchi yake kwa sababu nilikuwa nawahi kivuko. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa mtu mzima, tunaishi naye.

Basi pokea nasaha yangu, mwanangu. Demokrasia yetu bado changa, na watu wake bado wanaijaribu kama mtu anavyojaribu maji kwa mguu mmoja. Serikali ikiwakosea watu hulalamika, na kesho yake huirudia kwa kuwa hawana nyingine. Wewe wa asasi ukiwakosea, uliyekuja ukisema uko upande wao, hawalalamiki. Wanajiondoa. Na nchi ambayo watu wake wamejiondoa itaendelea kufanya chaguzi na mikutano na semina, na ndani yake hamna mtu.

Kwa hiyo usichukue jina la mtu kwa jambo asilolijua. Andika kichwa kwanza, kisome, tafsiri, subiri dagaa wageuzwe. Usimsemee mwenye mdomo. Msogezee nafasi, kisha ukae. Hata anayesema usiyoyapenda mwache amalize, kwa maana mkutano si wako. Na ukikosea, kama utakavyokosea, fungua jalada lako wewe kabla hujadai la mwenzako. Itakugharimu, sikufichi. Kumbuka pia kwamba hukuwakuta watu watupu. Wanawake wale walitunziana mawe wakati wa msiba kabla sijajua neno asasi, na hawakuwa na katiba wala muhuri. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila ukitoka kijiji cha watu jiulize, kati yangu na mwenyeji ni nani aliyepona?

Mungu akujalie kazi yenye maana na watu wa kukuambia keti ungali kijana. Akupe unyenyekevu wa kuketi, na akupe nguvu za kusimama siku ile utakapotakiwa kusema ulichofanya. Majina utakayokabidhiwa yasipotee mikononi mwako, na wenye majina hayo wasije wakajuta kukutana nawe. Nenda na amani, mwanangu, na ziwa likuvushe salama.